Orodha ya kikundi imo kwenye kompyuta. Ufunguo wake anao nani?

Maswali yenu ya viwavijeshi nimeyapata, nitayajibu katika makala ijayo. Leo naomba nizungumzie kitu ambacho hakipandwi wala hakivunwi, lakini kinaweza kuamua bei ya mahindi yako na usalama wa hela yako kwenye simu. Kitu hicho ni orodha ya kikundi.

Zamani orodha ilikuwa kaunta buku moja. Katibu aliiweka sandukuni, na aliyeitaka ilibidi aende nyumbani kwake. Siku hizi vikundi vingi vya Handeni na Korogwe vinaweka orodha kwenye kompyuta au simu, na si vibaya. Hesabu zinajijumlisha, madeni yanaonekana, na anayekuja kununua anapata jumla ya magunia siku hiyohiyo. Tangu ruzuku ya mbolea ilipozinduliwa Agosti 8, 2022, wakulima pia wamezoea kusajiliwa kwa jina, namba ya simu na ukubwa wa shamba.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Gunia likiibiwa ghalani utaona pengo. Faili likinakiliwa huoni pengo lolote. Linabaki palepale, halijapungua hata herufi moja, na huku mtu mwingine analo.

Kwa nini mtu aitake orodha yako

Fungua orodha ya kikundi chako uisome kama mgeni. Kuna majina matatu ya kila mwanachama. Kuna namba ya simu, mara nyingi ileile ya kupokelea hela. Pengine kuna namba ya kitambulisho cha taifa. Kuna ekari, magunia yaliyo ghalani, na deni la pembejeo.

Kwa dalali, hiyo ndiyo bei yako. Akijua una magunia 14, unadaiwa na kikundi shilingi 300,000, na Januari una ada ya mtoto, hana haja ya kubishana nawe. Anasubiri tu. Atakuja siku ambayo huwezi kukataa, na hata lumbesa utaikubali.

Kwa tapeli, orodha ni kitu kingine. Ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" sote tumeupokea na wengi tunaucheka, kwa sababu haumjui anayeandikiwa. Ujumbe unaokujua hauchekeshi. Katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Handeni kwenda Korogwe, flashi yenye orodha ya kikundi ilipelekwa mjini kwa ajili ya kuchapisha, na haikurudi. Baada ya majuma mawili wanachama walianza kuandikiwa, kila mmoja kwa majina yake matatu na idadi sahihi ya magunia yake, wakiambiwa mnunuzi amepatikana na walipie gharama ya kupima unyevu. Mama mmoja mjane alituma shilingi 85,000. Alinionyesha ule ujumbe. Ulikuwa na jina lake la tatu, ambalo hata mimi niliyemtembelea shambani misimu minne nilikuwa silijui. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, mtu anayenijua hivi ningemkataaje?"

Habari ile ilifika kwenye kikundi cha jirani ambacho nacho nakihudumia. Wao walikuwa tayari wana programu ndogo ya kuweka hesabu, iliyotengenezwa na kijana wao aliyesomea kompyuta chuoni. Wakamwambia aifunge data. Wazee wakanigeukia: "Bwana shamba, kakae naye, halafu uje utueleze kwa lugha yetu." Mimi nimesomea kilimo, sikusomea kompyuta. Nilikaa na yule kijana jioni tatu nikimwuliza kama wakulima wanavyoniuliza mimi. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

Kufuli usilifue mwenyewe

Kazi yenyewe inaitwa usimbaji fiche. Ukiweka simu yako kwa Kiswahili utaliona neno hilo kwenye mipangilio ya usalama. Maana yake ni kuyageuza maandishi yawe kitu kisichosomeka, ambacho mwenye ufunguo peke yake anaweza kukirudisha kama kilivyokuwa.

Jambo la kwanza alilonifundisha kijana ni kwamba kutosomeka hakutoshi. Watoto wa pwani wana mchezo wa kinyume: silabi ya mwisho inatangulizwa, mahindi yanakuwa "ndimahi", mbuzi anakuwa "zimbu". Asiyeujua mchezo anapotea. Anayeujua anakuelewa bila shida, kwa sababu siri yote imo katika mchezo na hakuna ufunguo. Programu nyingi za bei rahisi zina usiri wa namna hiyo. Ukifungua faili unaona herufi zimevurugika, unaridhika, kumbe ni kinyume tu cha kompyuta na kijana yeyote wa steshenari anaweza kukigeuza.

Mwaka 1883 mwalimu mmoja aliyeishi Ufaransa, Auguste Kerckhoffs, aliandika kanuni ambayo wataalamu wanaifuata hadi leo: mfumo uwe salama hata kama adui anajua kila kitu kuuhusu, isipokuwa ufunguo. Ndivyo tunavyonunua kufuli la ghala. Fundi aliyelitengeneza anajua lilivyo ndani, na makufuli ya aina hiyo yamejaa dukani. Lakini ghala lako halifunguki kwa sababu ufunguo unao wewe.

Kwa hiyo programu nzuri haijitungii njia yake ya kuficha. Inatumia maktaba, yaani mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa na kukaguliwa na watu wengi, ambazo mtengenezaji wa programu anaziita tu. Kijana wetu anatumia lugha ya Python, na humo kuna maktaba ya bure inayoitwa cryptography. Hakulipia hata senti.

Ndani ya maktaba hiyo kuna kufuli linaloitwa AES. Lilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Serikali ya Marekani iliitisha shindano la wazi mwaka 1997, mapendekezo 15 yakaingia, wataalamu wa nchi mbalimbali wakayashambulia kwa zaidi ya miaka miwili, na hili likashinda. Mwaka 2001 likawa kiwango rasmi. Lililotangulia, DES, lilikuwa kiwango tangu 1977. Funguo zake zinazowezekana ni nyingi, namba yenye tarakimu 17, lakini mwaka 1998 mashine moja iliyotengenezwa maalumu ilizijaribu hadi ikaupata ufunguo sahihi kwa saa 56. AES, hata katika ukubwa wake mdogo kabisa, ina idadi ya funguo yenye tarakimu 39. Kuzijaribu moja moja hakuna atakayemaliza.

Nilipowaeleza wazee hivyo, mmoja akauliza swali la mfanyabiashara: "Kama kufuli ni la bure na ni imara hivyo, watu wanaibiwaje?" Wanaibiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni namna kufuli linavyofungwa. Ya pili ni mahali ufunguo unapokaa.

Matofali yanayofanana

AES haisimbi faili zima kwa mkupuo. Inalikata vipande vya ukubwa mmoja, baiti 16 kila kimoja, ambazo ni sawa na herufi 16 za kawaida. Kila kipande kinaitwa bloku, na unaweza kukifikiria kama tofali la bloku: yote yana kipimo kimoja, na kipande cha mwisho kikipungua kinajazwa mpaka kitimie.

Sasa sikiliza hatari iliyopo. Ukimwambia AES asimbe kila bloku peke yake kwa ufunguo uleule, bloku mbili zenye maandishi yaleyale zitatoka zikiwa na sura ileile. Chukua safu ya orodha yenu inayosema "anadaiwa" au "hadaiwi". Ukisimba kila jibu peke yake, safu yote itakuwa na sura mbili tu. Mwizi hawezi kuzisoma, lakini haimbidi azisome. Akimjua mwanachama mmoja tu anayedaiwa, anatazama sura ya tofali lake, anatafuta wengine wenye sura hiyo, na ameshapata wadaiwa wote wa kikundi bila kugusa ufunguo.

Si hatari ya kufikirika. Mwaka 2013 kampuni kubwa ya programu, Adobe, iliibiwa kumbukumbu za wateja wake kwa mamilioni. Nywila zilikuwa zimesimbwa, lakini bloku kwa bloku namna hiyo. Wateja waliochagua nywila moja walionekana wanafanana, na vidokezo walivyojiandikia kujikumbusha havikuwa vimesimbwa. Watu wakasoma vidokezo vya wengi wenye sura moja na kuibashiri nywila. Kufuli lenyewe halikuvunjwa.

Dawa yake ni kuanza kila usimbaji kwa namba mpya ya bahati nasibu, halafu kila bloku ichanganywe na matokeo ya ile iliyotangulia. Hapo "anadaiwa" ya Mwajuma na "anadaiwa" ya Rajabu hazifanani hata kidogo, na hata faili lilelile likisimbwa leo na kesho linatoka na sura mbili tofauti. Namba ya kuanzia si siri, inakaa pamoja na faili. Kinachotakiwa ni isirudiwe na isitabirike.

Jambo la pili ni muhuri. Kusimba kunazuia kusoma. Peke yake hakuzuii kuharibu: mtu anaweza kubadilisha baiti ndani ya faili bila kujua zinasema nini, na hesabu zikavurugika. Mfanyabiashara anaijua tofauti hii kwa mizani. Mizani iliyofunikwa si sawa na mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Faili nalo linahitaji muhuri wake, unaokaguliwa kabla ya kufunguliwa, ili likiguswa hata baiti moja programu ikatae na kusema limeguswa.

Habari njema ni kwamba maktaba ile ina sehemu iitwayo Fernet ambayo inafanya yote hayo yenyewe: inasimba kwa AES, inachagua namba mpya ya kuanzia kila mara, na inaweka muhuri. Kijana alinionyesha. Alibadilisha herufi moja tu katikati ya faili lililosimbwa, akajaribu kulifungua kwa ufunguo sahihi, na programu ikakataa. Mimi nikaridhika kuliko maelezo yote aliyokuwa amenipa.

Ufunguo unakaa wapi

Jioni ya pili nikamwuliza swali nililodhani ni dogo: ufunguo umeuweka wapi? Akanionyesha. Ulikuwa umeandikwa ndani ya programu yenyewe, na programu iko kwenye kompyuta ileile yenye faili, na zote mbili zinanakiliwa kwenye flashi moja. Hapo alikuwa anajaribu tu, lakini akaniambia programu nyingi zinaishia hivyohivyo hadi kwa wateja. Ni sawa na kufunga ghala kwa kufuli la gharama na kuutundika ufunguo mlangoni.

Suala hili tukalipeleka kwenye mkutano, kwa sababu si la kompyuta tena. Na hapo ndipo mvutano ulipotokea.

Bibi mmoja, mwanachama tangu kikundi kinaanza, alisimama akasema hataki orodha ifungwe kabisa. "Sisi hapa tunasoma hesabu kwa sauti mbele ya kila mtu. Ndiyo maana hatujaibiana. Mkishafunga, atakayejua nani anadaiwa ni mwenye ufunguo peke yake. Kesho ataniambia nadaiwa laki mbili, nitambishia na nini?"

Watu wakanyamaza. Kijana akataka kumjibu kwa habari za AES, nikamzuia, kwa sababu bibi alikuwa na haki. Kufuli likiwa mkononi mwa mtu mmoja halimlindi mwanachama. Linamlinda mwenye ufunguo. Vikundi vimekufa kwa wezi wa ndani kuliko kwa wezi wa nje, na kufuli imara lililoshikwa vibaya linamsaidia mwizi wa ndani. Hata ule muhuri niliousifia unawakamata wasio na ufunguo tu. Mwenye ufunguo anaweza kubadilisha deni na kuweka muhuri mpya usio na kasoro.

Jibu lilikuwa mezani mbele yetu. Lile sanduku la chuma la VICOBA lina makufuli matatu, na funguo zake wanazo watu watatu. Mwenyekiti hana hata mmoja. Sanduku halifunguliwi mpaka wote watatu wafike, na linafunguliwa mbele ya macho ya kikundi. Mzee mmoja akauliza, "Kwani kompyuta haiwezi kuwa na funguo tatu?" Inaweza.

Tulivyofanya ni hivi. Ufunguo wa programu hauandikwi popote kwenye kompyuta. Unatengenezwa upya kila mara kutokana na maneno tisa, na kila mshika ufunguo anajua matatu tu, yake. Siku ya mkutano au ya kupima mazao wanakuja mmoja mmoja, wengine wanageuka, kila mmoja anaandika maneno yake, na orodha inafunguka. Hesabu zinasomwa kwa sauti kama zamani, na kila mwanachama anabaki na kijitabu chake kilichogongwa muhuri. Kazi ikiisha programu inafungwa. Kwa nje ni siri, kwa ndani ni wazi. Bibi akauliza, "Na mimi naweza kuwa mshika ufunguo?" Akachaguliwa bila kupingwa.

Maneno hayo hatukuyatunga. Mtu akiambiwa atunge atachagua jina la mtoto, au methali, na methali zote tapeli anazo. Tuliyapata kwa kura. Tuliandika tarakimu 0 hadi 9 kwenye vipande vya karatasi, tukavitia kofiani, tukawa tunachota na kurudisha. Tarakimu tatu za kwanza ni ukurasa wa kamusi ya shule, mbili zinazofuata ni neno la ngapi kwenye ukurasa huo. Namba isiyokuwepo tunachota tena. Kila mshika ufunguo alichota yake pembeni, mwenyewe.

Kwa nini maneno matatu kila mmoja? Kwa sababu wawili wanaweza kula njama dhidi ya wa tatu, na sehemu ya wa tatu peke yake lazima iwe ngumu kubahatisha. Maktaba inasaidia hapo: kabla maneno hayajawa ufunguo, inayasaga pamoja na namba ya bahati nasibu ambayo wataalamu wanaiita chumvi, na inarudia kusaga mamia ya maelfu ya mara. Kwenye kompyuta yetu inachukua kama nusu sekunde. Mwenye maneno sahihi anangoja nusu sekunde mara moja. Anayebahatisha anailipa kila jaribio. Fanya hesabu: namba ya siri ya tarakimu nne ina njia 10,000 tu, kwa hiyo hata kwa kusaga hivyo kompyuta ya namna hiyo inazimaliza ndani ya saa moja na nusu. Maneno matatu ya kura kutoka kamusi yenye maneno 16,000 yana njia zaidi ya trilioni nne. Kompyuta hiyohiyo ingehitaji zaidi ya miaka 60,000 kuzipitia zote.

Upande wa pili wa shilingi ni kusahau. Benki ukisahau namba ya siri wanakupa nyingine. Hapa hakuna wa kukupa. Mmoja akifariki, au akihamia Dar es Salaam na maneno yake, orodha imekwenda, na aliyebuni AES mwenyewe hawezi kukusaidia. Kwa hiyo kila mshika ufunguo aliandika maneno yake kwenye karatasi, akaitia bahasha yake, ikafungwa kwa gundi na kusainiwa juu ya mfungo, na bahasha zote tatu zimo ndani ya lile sanduku la makufuli matatu. Bahasha ikilazimika kufunguliwa, inafunguliwa mkutanoni, na siku hiyohiyo maneno yanachotwa upya na faili linasimbwa upya.

Na tunapima. Hakuna mkulima wangu anayepanda mbegu ya dukani ekari nzima bila kujaribu uotaji wa punje mia moja kwanza. Nakala ya akiba nayo ni mbegu. Kabla ya mavuno, kijana anachukua nakala iliyo kwenye flashi ya akiba, anaiweka kwenye kompyuta nyingine, washika funguo wanaandika maneno, na tunaona kama inafunguka na kama jumla ya magunia ni ileile. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu kuwa nakala.

Kisichozuiwa na kufuli

Usimbaji unalinda faili lililolala. Haulindi faili lililofunguliwa na mtu akalipiga picha kwa simu. Haulindi karatasi iliyochapishwa ikaachwa juu ya kaunta. Haulindi orodha ya zamani ya Excel ambayo bado iko kwenye flashi tatu na kwenye kundi la WhatsApp. Hizo za zamani zikusanyeni. Kumbukeni pia kwamba faili lililofutwa kwenye flashi mara nyingi linaweza kurudishwa, kwa hiyo flashi yenyewe iteketezeni au ifungieni sandukuni. Na haumlindi mtu anayepigiwa simu na "afisa" akayataja maneno yake mwenyewe. Hakuna afisa anayehitaji maneno hayo, na mimi nikiwemo.

Zaidi ya yote, punguzeni mnachoandika. Tulipopitia orodha tulikuta namba za vitambulisho vya taifa za watu wote, na hakuna aliyekumbuka zinatumika kwa nini. Tukazitoa. Kisichoandikwa hakiibiwi. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ina Tume yake. Sheria hiyo inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayoeleweka na zilindwe. Mkiombwa orodha na mtu yeyote, mnunuzi, mgombea au mradi, mna haki ya kuuliza anaitaka kwa kazi gani. Mara nyingi kinachomtosha ni jumla ya magunia bila jina hata moja.

Maswali ya kumwuliza anayekutengenezea programu

Huhitaji kujua Python. Uliza haya, na usilipe mpaka umejibiwa:

1. Umetumia maktaba gani kusimba? Akisema "nimetunga njia yangu mwenyewe", mshukuru na utafute mwingine.

2. Nikisimba faili lilelile mara mbili, yanayotoka yanafanana? Mwambie akuonyeshe. Yakifanana, kuna kasoro.

3. Nikibadilisha herufi moja kwenye faili lililosimbwa, programu itanijulisha? Mwambie ajaribu mbele yako.

4. Ufunguo uko wapi? Ukiwa ndani ya programu, au kwenye flashi moja na faili, hujafungiwa kitu.

5. Wewe fundi unaweza kufungua orodha yetu ukiwa peke yako? Jibu liwe hapana.

6. Mshika ufunguo mmoja akifariki kesho, tunafanyaje? Jibu liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, lisibaki kichwani mwa fundi.

Mfanyabiashara wa duka au wa mazao, haya yanakuhusu pia. Daftari lako la madeni likiwa kwenye simu au kompyuta, lina majina na namba za wateja waliokuamini. Wewe ni mmoja, huna washika funguo watatu, lakini unaweza kuchota maneno yako sita kwa kura ya kamusi na kuiacha bahasha kwa mtu ambaye hana daftari lako. Asiye na faili hawezi kufanya chochote na maneno. Asiye na maneno hawezi kufanya chochote na faili.

Fanyeni kazi hii sasa, mahindi yakiwa bado shambani, kwa sababu siku ya kupima magunia hakuna mwenye nafasi ya kuchota karatasi kofiani. Vikundi vinavyotaka kuonyeshwa, njooni ofisini siku ya mnada mkiwa watu watatu mliochaguliwa na wenzenu, na kamusi yenu mkononi. Karatasi na kofia ninazo.